Kipofu aliyeadhini Alfajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nitajisema mwenyewe. Najua mmoja wenu ana aibu kama niliyoibeba mimi miaka mingi, na hajapata wa kumwambia.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja pale Katesh. Alikuwa kama baba kwangu. Kabla hajafariki aliwausia wanawe: "Nikifa, anioshe ustadhi wa Gitting." Siku ilipofika nilipigiwa simu baada ya Alfajiri. Maziko yalipangwa baada ya Adhuhuri. Nikajibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Saa nne nitakuwa hapo, inshaallah."

Mnajua mimi ni fundi cherehani. Juu ya meza palikuwa na kanzu ya mtu, imebaki shingo tu. Nikajiambia: dakika kumi, halafu naondoka. Wallahi, moyoni mwangu zilikuwa dakika kumi. Nilipoinua kichwa, Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa na kuswaliwa, na mimi sikusikia. Simu ilikuwa ndani ya koti chumba cha pili, imeita mpaka imechoka.

Nikapanda bodaboda mbio. Nilipofika Katesh, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo bado umeganda kwenye viatu vyao. Mtoto mkubwa wa marehemu akanipa mkono. Akasema, "Ustadhi, tulikusubiri. Tukaona maiti hasubiri." Hakuongeza neno. Bora angenitukana.

Ndugu yangu, usidhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Madrasa nilikula bakora za kuchelewa kuliko mtoto yeyote wa rika langu. Nimemwacha mke wangu kituoni na mtoto mgonjwa mgongoni, nikiamini bado ni mapema. Swala ya Alasiri nimeikuta jua linazama, nami nipo nyumbani, mzima, macho makavu, sikulala wala sikusafiri. Kila nilipoisoma Suratul Maaun, pale wanapoonywa wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, sauti ilikuwa inanikwama. Nilikuwa najiuliza: Ya Rabbi, ni mimi?

Watu watasema, "Ustadhi, sisi sote tunachelewa, hizo ndizo saa za Waswahili." Hapana. Mwenye kuchelewa kwa mazoea anajua kuwa amechelewa. Anakunywa chai yake huku anajua harusi imeanza. Mimi nilikuwa sijui. Kwangu kulikuwa na nyakati mbili tu: sasa hivi, na siyo sasa hivi. Kilichokuwa mbali nilikiona hakipo kabisa, mpaka kinigonge usoni.

Baada ya maziko yale nilikwenda kwa daktari wa afya ya akili. Sikuwaambia watu, maana kwetu ukitaja daktari wa namna hiyo mtu anakuuliza kama unapelekwa Mirembe. Yule daktari hakuniuliza kuhusu majini. Aliniuliza kuhusu utoto wangu, maana dalili za hali hii lazima ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Akaniuliza kuhusu daftari nilizopoteza, kazi nilizoanza nikaziacha, na zile zilizonimeza mpaka nikasahau kula. Mwisho akaniambia jina lake: ADHD. Ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa na mwelekeo wake. Wengi hudhani ni ya watoto watundu tu, lakini watoto wengi wenye hali hii hukua nayo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, ameandika kwa miaka mingi kwamba shida yake kubwa iko kwenye kujizuia na kuuona wakati. Hali hiyo wanaiita upofu wa wakati.

Niliposikia neno hilo, upofu, nikamkumbuka mtu mmoja.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na waadhini wawili Madina. Bilal (r.a.) aliadhini usiku bado upo, ili aliyelala aamke na mwenye kula daku aendelee. Adhana ya pili, ile ambayo mfungaji akiisikia anaacha kula, ile inayosema sasa Alfajiri imeingia kweli, ilikuwa ya Ibn Umm Maktum (r.a.). Naye alikuwa kipofu.

Hebu tafakari. Alfajiri ni weupe unaotanda kwenye upeo wa mbingu. Haijulikani ila kwa jicho. Na kazi ya kuitangaza akapewa mtu asiye na jicho! Aliiwezaje? Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba alikuwa haadhini mpaka watu wamwambie kuwa kumeshapambazuka. Hakukisia wala hakusema "nahisi bado". Aliazima macho ya wenzake, na mji mzima ukafunga kwa adhana yake.

Hapo ndipo nilipopata dawa yangu. Miaka yote nilikuwa nahangaika kuuhisi wakati kama wenzangu, nikishindwa najilaani, nikitubu narudia. Kumbe dini yangu haikunitaka niuhisi! Jibril (a.s.) alipomfundisha Mtume (s.a.w.) nyakati za swala, alimwonyesha vitu vya kuonekana: kivuli kimefika wapi, jua limezama, wekundu wa magharibi umepotea. Kisha ikaja adhana, ili asiyeona asikie. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 103, kwamba swala ni faradhi yenye nyakati maalumu, na nyakati hizo akaziweka nje ya kichwa cha mwanadamu, mahali pa kuonekana na kusikika.

Lakini sikiliza na upande wa pili, usije ukaufanya ugonjwa kuwa mto wa kulalia. Kipofu mmoja, na wanazuoni wanamtaja kuwa ndiye huyo huyo Ibn Umm Maktum, alimwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Akaulizwa kama anaisikia adhana. Akasema ndiyo. Akaambiwa basi aitikie. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya hukumu yake, ila funzo langu mimi ni hili: udhuru wangu ni wa kweli, na wito nao ni wa kweli. Aliyesahau hana dhambi ya kusahau. Lakini anayejua kwamba husahau, kisha asiweke kamba yoyote, huyo amemwacha ngamia bila kumfunga na anasema ametawakali.

Basi nilifunga ngamia wangu hivi:

1. Saa kubwa ya mishale iko mbele ya cherehani, usawa wa macho. Zamani nilikuwa natazama mwanga wa dirishani, lakini mnaijua Gitting, ukungu wa Mlima Hanang ukishuka asubuhi na jioni hufanana.

2. Simu haikai mfukoni. Iko upande wa pili wa chumba, juu ya birika la udhu. Ikilia ni lazima nisimame ili niizime, na nikisimama nimeshafika kwenye maji.

3. Kengele naitega kwa saa ya kuondoka, siyo ya kufika. Nahesabu kurudi nyuma: kuvaa, kutafuta bodaboda, njia yenyewe. Kisha naongeza nusu saa, maana makisio yangu siyaamini tena.

4. Ahadi zangu nazifunga kwenye swala. Siku hizi sisemi "saa tisa tisa hivi". Nasema "tukitoka Adhuhuri". Na adhana ikikaribia, sianzi nguo mpya hata kama imebaki kifungo kimoja.

5. Nimeazima macho. Binti yangu mdogo anakuja mlangoni na kusema, "Baba, kumeshapambazuka," hata kama ni Alasiri. Tunacheka, kisha nasimama. Na mke wangu nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba sikuwa namdharau. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Basi ungeniambia mapema." Tukacheka na hapo pia, kwa uchungu.

Zipo na dawa za hospitali. Hizo ni za daktari, usimeze cha jirani yako. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Na wala usijipe ugonjwa kwa sababu ya maneno yangu haya. Wengine ni uvivu tu, na uvivu dawa yake ni toba. Nenda ukapimwe.

Je, bado nateleza? Ndiyo. Hata Bilal (r.a.), wakirudi kutoka Khaybar, aliwekwa akeshe awaamshe kwa Alfajiri, usingizi ukamchukua akiwa ameegemea mnyama wake, wakaamshwa na joto la jua. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza kazi. Waliondoka mahali pale, wakatawadha, na ni Bilal huyo huyo aliyekimu swala. Ukiteleza, fanya hivyo: ondoka pale ulipo, tawadha, swali, endelea.

Mwaka huu yule mtoto wa marehemu alinipigia simu. Mama yao alikuwa anaumwa sana. Akasema, "Ustadhi, Allah akimchukua, tutakuita." Alijua historia yangu, na bado akaniita. Siku ile nilipofika kumjulia hali mama, nilikuwa wa kwanza, viti bado havijapangwa. Nikakaa barazani nikalia.

Wewe mzazi mwenye mtoto anayechelewa kila siku, kabla ya bakora, muulize anaonaje saa. Pengine unampiga kipofu kwa kutoona.

Ewe Mola wetu, usituchukulie kwa tuliyoyasahau, tubarikie nyakati zetu, na utujaalie wenzetu wa kutuambia kuwa kumepambazuka. Mrehemu mzee wetu, na unisamehe haki yake. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, huenda ndiye anayesubiri kuambiwa.