Chombo cha Kupanda na Kipimo cha Haja

Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nahl, aya ya 8, ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na ni pambo, kisha akatujulisha kwamba huumba na tusivyovijua. Basi Muislamu hana sababu ya kukiogopa chombo kwa upya wake, wala ya kukikimbilia kwa upya wake. Kipimo chetu ni hiki: haja kwanza, uwezo wa pili, pambo mwisho.

Twayasema haya kwa kuwa hapa kwetu Nyakato vijana wengi hupata riziki kwa pikipiki, nao pamoja na wazee wao hutuuliza baada ya darasa: je, tununue ya umeme? Wengine huuliza juu ya motokaa za haibridi, zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ziletwazo kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika.

Tuanze na hesabu. Pikipiki ya petroli hunywa kama lita 2 hadi 3 kwa kilomita 100. Ya umeme, kwa mwendo huo huo, hutumia kama uniti 3 hadi 5. Kila mtu na azidishe kwa bei ya leo, ataiona tofauti. Tena mota ya umeme haihitaji kubadilishiwa oili, wala haina plagi. Lakini betri ndiyo roho yake, nayo ni ghali na huchoka kwa miaka. Mzigo mzito na vilima vyetu vya mawe huifupishia mwendo. Huko Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia madereva betri iliyokwisha kwa iliyojaa. Pasipo kituo cha namna hiyo karibu na kijiwe, saa za kuchaji ni saa zisizo na riziki.

Ama haibridi, zilizo nyingi hazichomekwi ukutani. Hujipatia sehemu ya umeme wao zinapofungwa breki. Kwa hiyo faida yake huonekana katika njia ya kusimama na kwenda, kama ya Nyakato hadi mjini. Kwa mwenye safari za Musoma, zaidi ya kilomita 200, faida hiyo hupungua. Na mnunuzi asitoe fedha kabla fundi mwenye kifaa hajaipima betri.

Wako wasemao umeme hauna moshi. Sisi wa Nyakato twajua kwamba mwaka 2013 paliwekwa hapa mtambo wa kufua umeme kwa mafuta mazito. Moshi waweza kuhama tu. Ila bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na hilo huendeshwa kwa maji.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni namna ya kununua. Kuuza kwa mkopo, kwa bei iliyokatwa siku ya mapatano, kumeruhusiwa na wanavyuoni walio wengi. Deni liongezwalo kwa sababu ya kuchelewa ni riba, ijapokuwa limepewa jina jingine. Tumewaona vijana waliotia saini karatasi wasiyoisoma. Ugonjwa ukaja, deni likazidi, pikipiki ikachukuliwa. Na mama aliyeuza ng'ombe kwa malipo ya kwanza akabaki mikono mitupu.

Basi, enyi wazazi, kaeni na vijana wenu, mwandike mambo manne: kilomita za kila siku, mahali pa kuchaji, bei ya betri, na masharti ya deni. Likikosekana jibu la moja, ngojeni. Anayetosheka kwa baiskeli au daladala hana aibu yoyote. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Na kuipiga hesabu hii ndiko kumfunga ngamia wetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na deni lishindalo nguvu zetu. Amin.