Majina ya Giza

Mwalimu wa uchoraji hufundisha kwa mkono zaidi kuliko kwa ulimi. Husimama nyuma ya mwanafunzi, hutwaa penseli, huchora mstari mmoja pembezoni mwa karatasi, na mstari huo humaliza maelezo ya saa nzima. Mwalimu aliye mbali hana mkono huo. Hubakiwa na maneno, na maneno hayo sharti yawe sahihi kama kipimo cha fundi.

Jambo hili nilifunzwa na binti mmoja wa Kigoma, niliyemfundisha kuchora kwa miezi mitano nami nikiwa Tanga. Mtandao haukuturuhusu kuonana kwa video. Yeye aliipiga picha kazi yake na kunitumia, nami nikamjibu kwa sauti iliyorekodiwa. Baba yake alikuwa fundi wa mashua huko Ujiji. Presha ya macho ilikuwa ikimla nuru kidogo kidogo, na daktari alikwisha kuwaambia kwamba nuru iliyopotea hairudi. Binti alitaka kuichora mikono ya baba yake ikiwa imeshika tezo, na alitaka mzee aione picha hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Tulianza na chombo. Wazee wetu waliiita penseli "kalamu ya risasi", ingawa ndani yake hamna risasi. Mna kinywe, madini yale yale yapatikanayo Mahenge na Ruangwa, yaliyosagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kwa njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hufifia. Hizo ndizo za herufi H. Kinywe kikizidi, penseli huwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. Nilimwagiza atafute tatu tu: HB, 2B na 6B.

Uwiano haukutusumbua. Nilimwambia anyooshe mkono wenye penseli, afumbe jicho moja, kisha apime kiganja kinaingia mara ngapi katika urefu wa mpini. Mtoto wa fundi, aliyekua akimwona baba akikadiria ubao kwa jicho, alielewa papo hapo. Mshairi ahesabuye mizani kwa vidole naye angeelewa.

Mtihani ulikuwa kivuli. "Koleza kivuli cha kidole gumba, mwanangu," nilimwambia. Akanijibu, "Kipi, mwalimu? Naona viwili."

Alikuwa na haki. Kiswahili hutumia neno hilo moja kwa weusi ulio juu ya kitu chenyewe, upande usiopata mwanga, na kwa weusi ambao kitu hicho huutupa juu ya kingine. Ndilo pia neno la mahali tunapopumzika chini ya mwembe. Katika maongezi ya kila siku hatupotezi chochote. Katika kuchora, ukivichanganya viwili hivyo, kidole huwa bapa. Tukakubaliana: kimoja ni kivuli cha kukaa, kingine ni kivuli cha kuanguka. Hatukuhitaji msamiati wa kigeni.

Kisha likaja suala la kiasi. Picha zake zote zilikuwa na kijivu kimoja, maana anayeanza kuchora huogopa weusi. Nilimtaka achore visanduku vitano, kutoka cheupe hadi cheusi, na avipe majina yeye mwenyewe. Aliniletea: mchana, machweo, utusitusi, giza, giza totoro. Tangu siku hiyo niliweza kumwambia, "Kifundo ni machweo, ila kati ya vidole weka giza totoro," na mkono wake ukajua la kufanya. Neno utusitusi nililizoea mashairini tu. Hapo nililiona likifanya kazi kama msumeno.

Giza totoro halikuwa suala la urembo. Macho yenye maradhi yale hupata taabu kutenganisha rangi zinazokaribiana, na picha ya kijivu kitupu ingekuwa ukungu mbele ya mzee. Binti alilijua hilo kuliko mimi. Aliitumia 6B hadi ikawa kipande kisichoshikika.

Picha ilipokamilika, mzee aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu na uso, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mkono huu umeshika tezo chini mno. Fundi hujikata hivi."

Binti alinitumia maneno hayo akiuliza kama airekebishe. Sijapata kusikia sifa iliyonifurahisha kama ukosoaji ule, kwani mzee aliona hata mahali kidole kilipokaa. Nilimwambia akae na baba yake, ampe tezo aishike anavyojua yeye, na achore upya mchana ungalipo.