Kosa Lililo Mbele ya Macho: Kazi ya Mpiga Chapa wa Majengo

Kuyatazama maandishi na kuyasoma ni shughuli mbili tofauti, na mpiga chapa anayesimuliwa katika wasifu huu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi imepita Majengo, mjini Sumbawanga, aliijua tofauti hiyo mezani kabla ya kuikuta vitabuni. Alianza katika ofisi ya umma enzi za mashine ya taipu, karatasi za kaboni na stensili, yaani karatasi yenye nta ambayo herufi za mashine huitoboa ili wino upenye na kutoa nakala nyingi, na pamoja na nakala hizo kosa lile lile kuenea katika kila ofisi. Baadaye alifungua steshenari yake, ambako wakazi wa mji na wakulima wa mahindi na maharage kutoka vijiji vya Ufipa walileta barua za maombi, mihtasari ya vikao, mitihani ya majaribio na, zaidi ya yote, mikataba ya mauziano ya viwanja na mashamba.

Wateja wengi huamini kwamba kosa likibaki kwenye karatasi, chanzo chake ni uzembe, na imani hiyo imewaonea wapiga chapa wengi. Jicho halipiti juu ya mstari herufi baada ya herufi. Kama ilivyobainika katika maabara ya daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, mwishoni mwa karne ya 19, jicho huruka na kutua. Kila linapotua hukaa takriban robo ya sekunde huku likiona bayana herufi chache tu. Zilizobaki hukamilishwa na akili kwa kutegemea maana iliyokwisha kujengeka. Ndiyo maana mwenye maandishi huwa msomaji dhaifu kuliko wote wa maandishi hayo, kwa sababu anajua alichotaka kusema, na akili yake humwonyesha hicho.

Katika Kiswahili hatari hii ni kubwa, kwa kuwa ukanushi, yaani hali ya kukataa tendo, mara nyingi hubebwa na kiambishi kidogo kilichopachikwa kwenye neno: “ulipe” na “usilipe” hutenganishwa na silabi moja, na “atadai” na “hatadai” hutenganishwa na herufi moja. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme jijini London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo neno la kukataza lilidondoka katika amri inayohusu uzinzi, wakatozwa faini ya pauni 300. Ikiwa neno zima lilipotea machoni mwa wachapaji wa kiwango hicho, h moja ya mkataba wa kiwanja ina kinga gani?

Mkataba wa namna hiyo ulipata kuletwa steshenari kutolewa nakala, ukiwa umechapwa kwingine. Ulieleza kwamba muuzaji “atadai tena eneo hilo,” ilhali pande zote zilikusudia “hatadai tena.” Muuzaji, mnunuzi na mashahidi walikuwa wameusoma, na kila mmoja aliyaona makubaliano yaliyokuwa kichwani mwake. Aliyekwama ni mtoto wa mnunuzi, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliyesoma kwa kidole, silabi kwa silabi, akauliza: “Baba, mbona hapa wanasema mzee atadai tena?” Mtoto huyo hakuwa na ujuzi uliowapita wakubwa, alikuwa bado hajajifunza kukisia.

Neno zima lisilo sahihi nalo hupita. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Thomas Erickson na Mark Mattson, walionyesha kwamba watu wakiulizwa Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina, wengi hujibu wawili, ingawa wanajua vema kwamba aliyejenga safina ni Nuhu. Kwenye mkataba, jina la muuzaji likikaa mahali pa mnunuzi hupita kwa njia hiyo hiyo, maana yote mawili yanatarajiwa kwenye ukurasa.

Kompyuta haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Programu isiyo na kamusi ya Kiswahili hupigia mstari mwekundu karibu kila neno, hata macho yakaizoea rangi hiyo, na hata yenye kamusi haina la kusema juu ya “atadai,” kwa kuwa ni neno sahihi.

Kilichosaidia ni utaratibu wa kuinyima akili nafasi ya kukisia: rula chini ya mstari, kusoma kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu, kuandika fedha kwa tarakimu na kwa maneno, kwani 1,500,000 na 15,000,000 zote huaminika. Ulio bora ni kusoma wawili, mmoja akiwa na andiko la mkono na mwingine prufu, yaani nakala ya kusahihishwa, huku kila h ikitamkwa kwa makusudi, kwa sababu wazungumzaji wengi huidondosha.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, uzito wa viambishi hivyo umeongezeka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapouza au kununua kiwanja, omba mkataba usomwe kwa sauti, polepole, na mtu ambaye hakuuandika wala hakuwepo mlipokubaliana, kabla hujatia saini.