Siku ya Kwanza ya Hija Yetu

Hija ni safari ya mtu aendaye kusali mahali patakatifu. Watu wengi hudhani ya kuwa huanza msafiri afikapo mahali pale na kupiga magoti. Mimi na mke wangu tulipokwenda Namugongo, katika nchi ya Uganda, tuliona ya kuwa huanza njiani. Basi nitawaeleza habari za siku ya kwanza tu.

Kwanza jueni Namugongo ni mahali gani. Kabaka Mwanga alipotawala Buganda, Wakristo wengi waliuawa kwa ajili ya dini, tangu mwaka 1885 hata 1887. Wengi wao walikuwa vijana waliotumika katika nyumba ya mfalme. Tarehe 3 Juni, 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, kama baadhi yenu. Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mzee yule alimbembeleza aikane dini apate kupona, naye hakukubali. Tarehe 18 Oktoba, 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na kila mwaka siku ya 3 Juni watu hukusanyika huko kwa maelfu.

Mke wangu alitamani kufika huko tangu utoto wake, lakini pia aliogopa. Kwao ni karibu na Kyaka, penye daraja la mto Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, yakaiteka nchi mpaka mtoni, na daraja lile likavunjwa. Watu wakakimbia. Mama mkwe wangu alikimbia hali ana mimba. Mumewe alibaki nyuma awaokoe ng'ombe, wala hakuonekana tena hata leo. Mke wangu alizaliwa ugenini mwaka 1979, asimwone baba yake. Kwa hiyo nyumbani kwao nchi ile ilitajwa kwa uchungu.

Siku ya safari tulipanda basi Bukoba alfajiri. Tulipovuka mto Kagera juu ya daraja jipya, mke wangu alishika rozari yake asiseme neno. Huko Mutukula, mpakani, tulishuka, hati zetu zikapigwa muhuri. Nikamwuliza, "Je, mama, tuendelee?"

Akajibu, "Mwalimu, nimeahidi mbele ya Mungu, sirudi nyuma. Ila miguu yangu ndiyo haitaki."

Basi tukavuka. Hata tulipofika Masaka, akapanda bibi kizee, amevaa gomesi, na mkeka umekunjwa kwapani. Naye alikuwa akienda Namugongo. Akaketi karibu na mke wangu, lakini alipotusikia tukisema Kiswahili aligeuza uso, akatazama nje. Mke wangu akamsalimu kwa Kihaya. Kihaya na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, basi wakaelewana.

Baada ya kitambo bibi yule akasema, "Mwanangu, niwie radhi. Lugha ile mliyokuwa mkisema, mimi naliisikia kwa askari. Vita ilipofika mjini kwetu, mzinga uliiangukia nyumba yangu, na mtoto wangu wa kwanza alikuwamo ndani."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipoingia Uganda, mji wa Masaka ulibomolewa sana kwa mizinga. Sisi tuliimba nyimbo za ushindi wa vita ile tangu tukiwa wadogo. Habari za mtoto yule hatukuzijua.

Mke wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, mimi nami baba yangu alipotea katika vita hiyo hiyo. Sijui hata kaburi lake."

Bibi yule hakusema, "Pole," wala hakulia. Alitoa rozari yake mkobani, akaushika mkono wa mke wangu, akasema, "Basi na tuwaombee."

Wakaanza kusali, kila mtu kwa lugha yake. Sisi husema, "Salamu Maria". Waganda husema, "Mirembe Maria". Neno hilo mirembe maana yake ni amani. Mke wangu alipolisikia, alinitazama, akaacha Kiswahili, akafuata maneno ya bibi yule kadiri alivyoweza. Tulipovuka ikweta huko Kayabwe walikuwa wangali wanasali.

Tulifika Namugongo jua likitua. Kanisa la huko ni la mviringo, mfano wa nyumba za kale za Waganda, nalo limezungukwa na nguzo 22, kwa hesabu ya wale mashahidi. Altare imesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Umati wa watu ulikuwa umelala uwanjani, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi. Bibi yule akatandika mkeka wake, akampa mke wangu nusu. Kabla sijasinzia niliwasikia wakiulizana kwa sauti ndogo majina ya wafu wao.

Sisemi ya kuwa uchungu wote ulikwisha siku ile. Mke wangu angali akimlilia baba yake. Lakini nanyi wanafunzi, mkumbuke ya kuwa Mashahidi wa Uganda waliuawa na watu wa nchi yao wenyewe, na leo wajukuu wa watu wale wale ndio wawapokeao wageni huko Namugongo na kuwapa maji. Na nyumbani kwetu, tangu siku ile, katika sala ya jioni huombewa watu wawili: mzee aliyepotea Kyaka, na mtoto aliyekufa Masaka.