Picha ya kiti cha mtoto: imepigwa na nani, na inafundisha nini?

Leo tuweke programu kando kidogo, ingawa mwishoni tutairudia.

Rafiki yangu ni muuguzi katika kliniki ya akina mama hapa Nairobi. Aliniomba nimsaidie kutayarisha slaidi za kuwafunza wazazi jinsi ya kumfunga mtoto kwenye kiti chake garini. Maneno alikuwa nayo tayari, kilichokosekana ni picha. Kazi hiyo ilikula jioni zangu tatu, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda katika kutafuta picha bali katika kuzikataa.

Kila picha ilibidi ijibu maswali mawili. Je, nina ruhusa ya kuitumia? Na je, inaonyesha jambo lililo sahihi? Watu wa kompyuta tunapenda kubishana juu ya swali la kwanza. Kwa mzazi aliyeketi kwenye benchi la kliniki, la pili ndilo zito.

Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, linasema kiti kinachotumiwa sawasawa katika gari dogo hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Neno lenyewe hapo ni "sawasawa". Mzazi atasahau nusu ya maneno ya muuguzi, lakini picha ataikumbuka, na kesho yake atamfunga mtoto kama alivyoona.

Sasa tazama nilichokuta. Mtoto mzuri anatabasamu, lakini amevaa koti nene chini ya mikanda. Mwingine mikanda imelegea hadi ungepitisha mkono mzima, ilhali inatakiwa kubana kiasi kwamba huwezi kuifinya mkunjo begani kwa vidole viwili. Mwingine ni mchanga kabisa na ameelekezwa mbele. Mwingine ametazama nyuma vizuri, lakini yuko kiti cha mbele, penye mfuko wa hewa ambao ukifumuka utakipiga kile kiti kwa nguvu nyingi mno. Zote ni picha safi, na mbili kati yake zilikuwa na leseni huru kabisa. Leseni haijui kama mkanda umelegea.

Kuna pia suala la mwaka. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kiliwashauri wazazi wamwache mtoto atazame nyuma hadi afikishe miaka 2. Mwaka 2018 kiliondoa hicho kigezo cha umri: mtoto aendelee kutazama nyuma mpaka apite uzito au urefu unaoruhusiwa na kiti chake. Kwa hiyo picha ya mwaka 2005 inaweza kuwa ilifuata ushauri wa wakati wake, na bado isifae leo.

Na kuna suala la nchi. Viti vya Marekani huwa na kibanio cha kifuani, kinachotakiwa kukaa usawa wa makwapa. Viti vingi vya Ulaya havina. Mzazi wa hapa mwenye kiti cha Ulaya akionyeshwa picha ya Marekani bila maelezo, atakitafuta kibanio ambacho hakipo, au adhani ameuziwa kiti kibovu.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kumtaja mwenye picha. Tumezoea kuiona kama adabu, au kama kinga dhidi ya wakili. Lakini mstari unaosema nani alipiga, wapi, lini na kwa leseni gani ndio unaomwezesha mtu kuirudia asili ya picha na kuuliza: ushauri huu ni wa nchi gani, na wa mwaka gani? Picha isiyo na mwenyewe haiwezi kuulizwa chochote.

Nilitafuta wapi? Wikimedia Commons na Openverse zilinisaidia sana, kwa sababu leseni imeandikwa pale pale. Kazi za wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, wanapozifanya kama sehemu ya ajira yao, hazina hakimiliki nchini humo. Ila angalia: si kila picha iliyo kwenye tovuti ya serikali ilipigwa na serikali. Soma maandishi madogo chini yake. Na tafadhali, usiandike "Picha: Google". Mtambo wa kutafuta ni dalali tu, anakuonyesha nyumba ya mtu mwingine.

Leseni za Creative Commons zina herufi zake. BY: mtaje mwenye kazi. SA: ukiibadilisha na kuisambaza, tumia leseni hiyo hiyo. NC: si kwa biashara. ND: usisambaze uliyoibadilisha. Muuguzi aliomba nigeuze picha moja kama kwenye kioo ili usukani uwe upande wa kulia kama magari yetu. Leseni iliruhusu, mradi niseme nimeigeuza. Nilikataa kwa sababu nyingine: maandishi ya kwenye kiti yangesomeka kinyumenyume, na njia ya mkanda wa gari ingeonekana upande usio wake.

Tukaamua kupiga zetu. Gari la jirani, kiti chake, kitabu cha maelekezo cha kiti hicho, na mwanasesere. Kwa nini mwanasesere? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na leseni ya mpigapicha haimsemei mtoto aliye pichani. Mwanasesere halii, tena hana sura ya kuficha.

Sasa upande wa programu. Nina lahajedwali lenye safu hizi: faili, jina la picha, mpigapicha, kiungo, leseni, tarehe niliyopakua, mabadiliko, na aliyekagua. Programu ndogo ya Python inasoma kila mstari na kuandika maelezo chini ya picha yenyewe:

Picha: "Jina la picha", mpigapicha, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, imepunguzwa pembeni.

Siyaweki kwenye slaidi ya mwisho. Slaidi zetu husafiri kwa WhatsApp, moja moja, na ile ya shukrani haitumwi na mtu yeyote. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili ya picha nazo hufutwa njiani. Kilichoandikwa juu ya slaidi ndicho kitakachofika.

Safu yoyote ikiwa tupu, slaidi haitengenezwi. Ile ya "aliyekagua" hujazwa na muuguzi peke yake, akiwa na kitabu cha kiti mkononi. Picha 31 ziliingia kwenye lahajedwali. Zilizotoka ni 9, na sita kati yake ni za mwanasesere.