Zabibu za Agosti

Kwetu Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara ya Iringa, daftari, sare za shule na mafuta ya taa vilitoka kwenye zabibu. Uwele na mtama vilikuwa vya kula, zabibu ilikuwa ya fedha. Mizabibu ililetwa upande wetu na wamisionari wa Kiitalia katika miaka ya 1950, wakaipanda kwenye misheni yao ya Bihawana ili wapate divai ya misa, na wazee wetu wakaanza kuomba vipandikizi. Baba alivipata kwa baba mkubwa, aliyekuwa kibarua misheni. Wazee hao walijifunza kupogoa, kufunga matawi kwenye waya na kupuliza salfa ili kuzuia ubwiri unga. Kutengeneza mvinyo hakuna aliyewafundisha. Zabibu ilipandishwa kwenye lori, na kilichotokea baada ya hapo kilikuwa shughuli ya watu wengine.

Mvinyo wenyewe niliuonja nikiwa kijana, miaka ya 1980, kwenye harusi. Ulikuwa na rangi ya kutu, umetiwa sukari nyingi, na chini ya utamu ule kulikuwa na uchachu uliokwaruza koo. Watu waliunywa kwa sababu ulikuwepo, wakati ambao madukani hamkuwa na vingi vya kuchagua. Nilisikitika kuona tunda letu, lile tulilowauzia abiria wa treni mjini na kulisifu kwa sauti kubwa, limegeuka kitu ambacho mgeni akikionja anaweka glasi chini kwa heshima na kuomba maji.

Miaka mingi nilidhani kosa ni la mzabibu wetu, ile aina tunayoiita Makutupora Nyekundu. Wengi walidhani hivyo, hata wasomi. Tuliambiwa kwamba mvinyo mwekundu mzito ni kazi ya nchi za baridi, na sisi tulio karibu na Ikweta turidhike na zabibu za mezani. Kisha ikaja miaka ya 1990, viwanda vya umma vikabinafsishwa au kufungwa nchi nzima, na wanunuzi wa zabibu wakatoweka. Nimeshuhudia vishada vikikauka juu ya waya hadi nyuki wakavimaliza. Jirani zetu waling'oa mizabibu wakapanda karanga na alizeti. Baba alibakiza mistari michache karibu na nyumba, akaendelea kuipogoa kila msimu bila kutueleza sababu.

Mabadiliko yalianza kwa watu waliouliza jambo ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: zabibu hii huvunwa lini?

Hapo lazima niieleze ardhi yetu. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Morogoro hupanda hadi Gairo, halafu hutambaa kwenye uwanda mpana wa mibuyu, wala hahisi kwamba amefika juu kiasi hicho. Lakini mzabibu unahisi. Jua la uwandani ni kali, na tunda hujikinga kwa kukomaza ganda nene lenye rangi nyingi. Usiku hewa inapoa. Mwezi Julai wastani wa baridi ya usiku ni nyuzi 13 au 14, wakati mchana unafika 26 hivi, na ubaridi huo ndio unaozuia uchachu wa asili wa tunda usiteketee kabla sukari haijakamilika. Mvinyo mzito unahitaji vyote viwili, ganda lililokomaa na uchachu uliohifadhiwa. Pwani ina jua, lakini usiku wake hauna baridi ya namna hiyo.

Tena mzabibu wetu haulali. Huko Ulaya majira ya baridi huulaza hadi masika. Kwetu ukipogoa unachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna, kwa hiyo tuna mavuno mawili kwa mwaka. Yale ya Februari na Machi huiva katikati ya mvua: vishada vinajaa maji, ukungu unashambulia, sukari inakuwa hafifu. Yale ya Agosti na Septemba huiva kiangazi, udongo umekauka, usiku ni wa baridi, na punje ni ndogo na nyeusi. Kwa miaka yote ile zabibu za misimu miwili zilikuwa na bei moja, na siku ya kuvuna iliamuliwa na ratiba ya lori. Lori likija mapema tulivuna mbichi. Likichelewa, tulivuna zilizoanza kuoza. Hakuna mtengenezaji duniani ambaye angetoa mvinyo mzuri katika mzigo ule.

Miaka ya 2000 kampuni ya mvinyo ya CETAWICO ilianza kazi Hombolo, hukuhuku Dodoma, ikiwa na utaalamu wa Kiitalia, na wasindikaji wengine wakafuata. Niliposikia wanapima sukari ya punje shambani kabla ya kuruhusu kuvuna, nilikwenda kujionea. Zabibu zilivunwa alfajiri zikiwa bado na baridi ya usiku. Zilisagwa, na maganda yakaachwa ndani ya juisi siku kadhaa wakati hamira ikifanya kazi. Vijana walikuwa wakiyazamisha kila yalipopanda juu, maana rangi na ukakasi wote vimo humo. Tangi lilipozwa, kwa sababu joto likipita nyuzi 30 harufu ya tunda hupotea na hamira hudhoofika. Sukari haikuongezwa, na ile ya tunda iliachwa igeuke kileo mpaka ikaisha.

Mvinyo uliotoka humo niliuonja baadaye, nikarudia kuonja kwa sababu sikuamini. Ulikuwa mweusi wenye wekundu ukingoni, una harufu ya zambarau zilizoiva sana na pilipili manga, na ukakasi wake ulishika ulimi kama maji ya ubuyu yasiyotiwa sukari. Ulijaa kinywa. Ulikuwa mzabibu uleule wa Baba, kwenye udongo uleule.

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, kuanzia mwaka 2016, hoteli zimeongezeka na chupa zetu zinaonekana mezani. Sheria ya ushuru nayo inaupa nafuu mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na hilo ni jambo jema. Lakini mji unaokua unakula mashamba. Mistari mingi niliyoijua ukingoni mwa mji sasa ni viwanja vilivyopimwa.

Linaloniuma zaidi ni mchuzi wa zabibu. Wakulima wengi, wakihofia kukosa mnunuzi, hukamua mavuno yao na kuyahifadhi kwenye matangi wakisubiri kampuni za vinywaji. Siwalaumu, kwa kuwa nimeona vishada vikikauka na najua hofu ile. Ila mchuzi uliokamuliwa haraka, wa mashamba mchanganyiko na misimu miwili, hauwezi kurudishiwa ganda lake. Zabibu ya Agosti ikimwagwa humo imepotea. Mkulima naye hana sababu ya kungoja iive vizuri iwapo kilo ya zabibu yenye sukari kamili na kilo ya zabibu mbichi zinalipwa sawa. Wanunuzi wakilipa kwa kipimo cha sukari na kwa msimu, ubora utapanda shambani kwenyewe. Nimelisema hili kwenye vikao vya ushirika na nitaendelea kulisema.

Nawe msomaji, ukitaka kutuunga mkono, omba mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, usiotiwa sukari. Soma lebo uhakikishe ni wa zabibu za nchini. Usichukue chupa iliyosimamishwa kwenye dirisha lenye jua, maana hiyo joto limekwisha kuiharibu. Kama uko Dar es Salaam au Tanga, iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua, kisha unywe pamoja na nyama choma ya mbuzi.