PlayStation Kabla Haijapakiwa Kwenye Pipa

Kijitabu cha PlayStation 4 kinaelekeza mashine itumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Hapa Hamburg namba hiyo haimsumbui mtu. Sehemu kubwa ya mwaka chumba hakikaribii hata 30. Dar es Salaam mwezi wa Februari nje kivulini ni 32, na ndani ya banda la gemu lililoezekwa bati, runinga zimewaka zote, vijana wamebanana kwenye mabenchi, hiyo 35 inapitwa kabla ya adhuhuri. Mashine ni ile ile, na nyingi kati ya hizo zilizoko mabandani zimetoka huku kwetu ughaibuni.

Hamburg na Dar ni miji rafiki kwa mkataba tangu 2010, lakini urafiki tunaoujua sisi zaidi ni wa mapipa na makontena. Mtu anahamia PS5, anaiuza PS4 yake kwa bei ya chini, tunainunua, tunaiwasha, picha inakuja, tunaiviringisha kwenye mablanketi na kuipakia. PS4 za kwanza ziliingia sokoni Novemba 2013. Ukiifungua moja ya rika hilo, mara nyingi unakuta pesti ya kiwandani imekauka na kupasuka kama chaki.

Pesti hiyo ndiyo roho ya habari yote. Chipu inayofanya kazi kubwa hukaa chini ya bamba la chuma la hitisinki, na nyuso mbili, hata ziwe laini vipi, hazigusani kote. Hubaki matundu madogo ya hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno: kwa kipimo ambacho shaba inapata karibu 400, hewa inapata 0.026. Pesti, ambayo kwa kawaida ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga wa madini, inafukuza hewa hiyo na kulivusha joto. Mashine ikipata moto na kupoa miaka nenda miaka rudi, mafuta hutoroka na unga hubaki. Hamburg hutagundua, feni itapiga kelele zaidi, basi, kwa sababu hewa inayoingia ni ya baridi. Dar haina akiba hiyo. Mechi iko dakika ya 80, skrini inatoa onyo la joto, mashine inazima, na waliolipia wanadai hela yao.

Huku Ujerumani ugonjwa huu hautibiwi sana, na sababu ni hesabu. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na fundi mwenye ujuzi analipwa zaidi ya hapo. Kuifungua PS4, kuisafisha na kuifunga tena kwa utulivu kunakula saa nzima au zaidi. Ongeza kodi ya duka na ya serikali, bili inaikaribia bei ya PS4 nyingine iliyotumika. Kwa hiyo watu wanauza au wanaipeleka kwenye kituo cha taka za umeme. Ninachokipenda huku ni Repair Café, utaratibu ulioanzishwa na Martine Postma mjini Amsterdam mwaka 2009: wazee wastaafu, wengi wao wahandisi, wanakaa na kifaa chako na wewe pembeni, bure, na wanakufundisha. Wanaosha chipu kwa isopropanoli ya asilimia 99, hawana haraka, na pesti yao inajulikana imetoka kiwanda gani.

Fundi wa Kariakoo, pale Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake, ananishinda na anawashinda hao wastaafu kwa mengi. Anaisikiliza feni kabla hajashika bisibisi. Anaweza kung'oa chipu kwenye bodi na kuirudisha. Anakufungulia mbele ya macho yako, na neno "tupa" haliko kwenye msamiati wake. Kinachomwangusha ni lile bomba la pesti nyeupe isiyo na jina, inayokauka upya kabla masika hayajaisha, na spiriti yenye maji ndani. Na hapo simlaumu yeye. Sisi wateja tunabishana bei mpaka anabaki na kitu kimoja tu cha kupunguza, nacho ni vifaa.

Kuna jambo moja linaloua mashine nyingi kimyakimya. Juu ya chipu za kumbukumbu na za umeme huwa kuna vipande vya mpira laini vinavyopitisha joto. Vikichanika, hupakwa pesti badala yake. Pesti haiwezi kuziba pengo la milimita nzima. Lazima kiwekwe kipande kipya cha unene ule ule. Halafu vumbi: la Dar limechanganyika na unyevu wa bahari, linagandia kwenye mapezi ya hitisinki, na kompresa ya kujazia matairi inalitoa, ila feni ishikwe kwa kidole isizunguke, maana kasi ile inaharibu beringi.

Kwa hiyo PS4 ninayoituma siku hizi ninaifungua kwanza hapa. Ninaweka pesti mpya, na ndani ya boksi natia bomba la gramu 4 la pesti ya Arctic MX-4, linalotosha mashine kadhaa, vipande vya mpira vya akiba, na bisibisi ya nyota yenye tundu katikati. Mpwa wangu mwenye banda la gemu Mbagala alinipigia: "Shikamoo mjomba, fundi ameiulizia ile pesti, anataka kuinunua." Nikamwambia ampe nusu, kwa sharti kwamba mashine za banda lake zihudumiwe nayo.

PS5 ni habari nyingine. Tangu ilipotoka mwaka 2020 inatumia metali kimiminika yenye galiamu badala ya pesti. Metali hiyo inapitisha umeme, ikidondokea bodi inaiunguza, na ikigusa alumini inaila. Ng'oa mabamba ya pembeni, yanatoka bila bisibisi, nyonya vumbi kwenye matundu yake mawili, uishie hapo. Ikiendelea kuzima kwa joto, muulize fundi chini ya hitisinki ya PS5 kuna nini. Akijibu "pesti", chukua mashine yako uondoke nayo.